Njiti Moja, Mita Moja

Zaina mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana shikamoo yako nimeipokea leo asubuhi, na chai niliyokunywa umeimimina wewe. Umekwenda Mlola kumuaga bibi yako na hutarudi mpaka jioni. Mama yako yuko sokoni. Mimi nimebaki na nyumba, kuku, na begi lako lililofungwa kamba mara tatu kana kwamba lina nia ya kutoroka kabla yako. Kesho alfajiri unakwenda Dar es Salaam kusomea uchoraji wa ramani za majengo. Nimeona nikuandikie sasa hivi, mchana kweupe, kabla watu hawajajaa humu ndani na mimi kuanza kujifanya nina mafua.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, mama yako amekuhutubia siku nne mfululizo na sina la kuongeza. Mimi nataka kukueleza habari ya lile basi lililo juu ya kabati. Unalijua. Umelifuta vumbi kila Ijumaa kwa miaka sita bila kulisemea neno. Nimekuwa nikikutazama ukilifuta: unageuza uso pembeni, kama muuguzi anayefunga kidonda kibaya cha mgonjwa mwenye sifa ya kulia ovyo.

Tuanze na Kamati, maana wewe uliijua kwa kuchungulia tu. Tulikuwa watu wazima sita, saba siku ambayo kuna mihogo ya kukaanga, tuliokutana kila Jumamosi alasiri katika karakana ya Mzee Hoza, nyuma ya stendi ya Lushoto, kuonyeshana vitu vidogo tulivyochonga kwa mikono yetu. Malori, mabasi, makanisa, mashine ya kupasulia magogo kama ile ya Shume, yenye msumeno wa bati. Hakuna aliyetutuma na hakuna aliyevihitaji. Watu wa mji walituona wehu wasio na madhara: mwanamume mwenye ndevu zake amejikunja akipiga msasa kioo cha lori kisichozidi ukucha, huku kabichi zake shambani zinaliwa na viwavi. Hawakukosea sana. Lakini sisi tulijiona mainjinia, na kila injinia alikuwa na njiti ya kiberiti kwenye mfuko wa shati.

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu. Njiti moja ni mita moja. Ukitaka kuchonga basi la mita tisa, unapanga njiti tisa juu ya ubao, unapiga alama, unakata. Mzee Hoza alidai amekibuni yeye kipimo hicho akiwa kijana, na kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko sisi wote, tulikubali, kama tulivyokubali kila kitu alichodai.

Kazi mpya iliwekwa juu ya meza ya randa, imefunikwa kitambaa. Mwenyewe anakifunua. Mzee Hoza anatangulia kusema, na Mzee Hoza alikuwa na neno moja tu: "Umemaliza." Baada ya hapo zamu inashuka kwa umri, na nani mwenye ubavu? Mtu aliyeingia mlangoni na shikamoo hawezi kutoka na "magurudumu yako yamepishana." Basi kila mmoja anamwaga sukari juu ya sukari ya mwenzake mpaka kitu kinanata. Na ilikuwa mwiko kugusa kazi ya mtu. Unaitazama ukiwa umefunga mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule aliyekwisha kula kuku wa mwalimu mkuu.

Bingwa wa sifa alikuwa Zakaria, karani wa msitu kule Shume, mzee wa kanisa kwa Walutheri, mtu mwema kabisa, mchongaji wa makanisa. Zakaria alikuwa akiweka mkono kifuani na kusema, "Hii inapumua." Lori linapumua. Kanisa linapumua. Siku moja mtu alileta choo cha shimo alichokichonga kwa mzaha, Zakaria akakiinamia, akafumba macho, akasema kinapumua. Katika miaka yote ile, hilo ndilo pekee alilolisema nikaliamini.

Nakuchekesha, lakini nataka uelewe jinsi ninavyozidharau sifa zile. Nazidharau kuliko matusi. Anayekutukana amekutazama angalau mara moja. Sisi hatukutazamana kabisa. Tulikuwa tukibadilishana hongera kama watu wanaobadilishana vitenge vibovu, kila mmoja akijua cha mwenzake kimetoboka na akitumaini chake hakijaonekana. Na usidhani mimi nilikaa pembeni nikicheka. Nilikuwa katikati yao. Mimi, mwalimu wa hesabu, niliyekuwa nikichora kosa la mtoto wa darasa la tano kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi inatoboka, nikifika karakana nilikuwa laini kama ndizi ya kuchemsha. Kanisa la Zakaria lilikuwa na mnara ulioinama kiasi kwamba kengele ingemwangukia mchungaji kichwani. Nilisema, "Zakaria, huo mnara una heshima."

Sasa basi lenyewe. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yaliyokuwa na chumvi na sabuni za kipande yakaanza kujaa vitu, na mtu binafsi akaruhusiwa kuleta basi lake barabarani. Ndipo likaja Subira, jekundu na jeupe, kutoka Mombo kupanda mpaka kwetu na kwenda Mlola. Nililipenda basi lile kwa namna ya aibu. Nilikuwa nikitoka shule napita stendi kulitazama tu, na Singano, dereva wake, akidhani nasubiri mzigo.

Nikaanza kulichonga kiangazi. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu na tulifanya pamoja, ingawa mbele za watu nilisema nafanya mimi. Sakafu na kuta za chini nilizipima mimi kwa njiti zangu. Madirisha ulikata wewe, ishirini na mawili, na hata moja halikupinda. Mvua za masika zikaingia, mitihani ikaingia, tukaacha. Tulipolirudia, kiberiti changu kilikuwa kimekwisha, nikanunua kingine dukani. Viberiti navyo vilikuwa vya ruksa: siku hizo viliingia vya kila aina kutoka nje, na kile nilichopata kilikuwa na njiti fupi kuliko zile za zamani, kama kwa upana wa punje ya mtama. Nani anapima njiti? Njiti ndiyo inayopima. Nikapima paa, mlango, viti na dereva.

Njiti tisa, punje tisa za mtama. Paa likaja limepungua urefu na upana, halikai juu ya kuta. Na mimi, mtu mwenye cheti cha kufundisha hesabu, nilikaa mbele ya jambo lile siku mbili nikaamua kwamba mbao imesinyaa. Nikailaumu mbao! Nikazibana kuta ziingie ndani mpaka zikalifikia paa, nikapaka gundi, nikafunga kamba usiku mzima. Likawa na sura ya mzee aliyevuliwa meno yote.

Wewe ulikuja siku ile na njiti mbili kwenye kiganja, moja ya zamani na moja mpya, umezilaza pamoja.

"Baba, hebu tazama."

"Njiti ni njiti, Zaina."

"Hii ni fupi."

"Umeikata wewe."

"Sijaikata. Zote za kiberiti kile ndivyo zilivyo."

Nikakwambia ukasome. Kumbe nilikuwa nimeshaona. Hapo ndipo penye aibu yangu, mwanangu, na sitaipaka rangi: macho yangu yaliiona ile njiti fupi kabla mdomo haujasema njiti ni njiti. Ila nilikuwa nimeshamwambia Mzee Hoza kwamba Jumamosi ninaleta kitu ambacho Kamati haijawahi kukiona.

Ni kweli, haikuwahi. Nilifunua kitambaa. Mzee Hoza akakohoa. "Mwalimu, umemaliza." Zakaria akaweka mkono kifuani, nadhani alikuwa na kazi ngumu siku ile, lakini alijitahidi. "Linapumua," akasema. Wengine wakafuata. Ndipo wewe, uliyekuja kwa kuwa madirisha yalikuwa yako na ulistahili kuyaona yakisifiwa, ukasema kwa sauti ya kawaida tu, sauti ya mtu anayetaja saa, "Baba, abiria wa basi hili wataingia wameinama."

Hukumtukana mtu. Ulipima mlango kwa macho ukasema kilichopo. Mimi nikasikia kama nimevuliwa suruali.

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna, Baba."

"Mzee amesema limekwisha. Wewe ni nani? Mwombe Mzee radhi."

Ukamwendea Mzee Hoza, ukapiga goti, ukasema, "Shikamoo, naomba radhi." Na yule mzee, aliyekuwa akiona paa lile kama ninavyoona karatasi hii, akaipokea. Akasema, "Marahaba, mjukuu wangu, watoto wa siku hizi mnasoma sana." Wote tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Yaliyofuata hukuyaona, maana nilikuficha. Alhamisi, siku ya soko, nilibeba basi langu kwenda stendi na Kamati nzima nyuma yangu kama tunapeleka mahari. Nilitaka Singano aliweke mbele ya usukani, lipande na kushuka mlima na ndugu yake mkubwa. Nikamwita, akaniamkia, nikatoa kitambaa. Singano akalizunguka. Akainama, akafumba jicho moja. Uso wake ukaingia huzuni ya kweli.

"Pole sana, Mwalimu," akasema. "Hili lilipinduka wapi?"

"Lilipinduka?"

"Si naona paa limebonyea ndani. Ni zile kona za Soni? Kuna watu walikufa?"

Alidhani nimechonga ajali, Zaina. Alidhani ni ukumbusho. Utingo wake alikuwa juu ya keria anafunga matenga ya plamu, akachungulia, akapiga kelele stendi nzima ikasikia: "Kaka, hiyo si ajali! Hilo ni basi la mtumba, limefuliwa kwa maji ya moto!"

Wamama wenye kabichi walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya kabichi zake. Nikageuka kuitazama Kamati yangu, mainjinia wangu. Zakaria alikuwa akichunguza viatu vyake.

"Mimi niliona tangu Jumamosi," akasema polepole.

"Uliona nini?"

"Paa."

"Na ukasema linapumua?"

"Sasa ningesemaje, Mwalimu? Mzee alishasema umemaliza."

Mzee Hoza akaruka. "Mimi? Mimi nilisema umemaliza. Sikusema umemaliza vizuri."

Niliwadharau pale pale, na dharau ile ilinipa joto njia nzima mpaka kwenye kile kilima cha kupanda nyumbani. Vibaraka. Wanafiki wenye misasa. Nikawapanga mmoja mmoja kichwani nikawapa sifuri. Nilipofika karibu na mlango ndipo hesabu iliponigeukia: Jumamosi ile watu sita walilitazama basi, watano wakanidanganya, mmoja akaniambia, na huyo mmoja ndiye niliyempigisha goti.

Ungekuwa wakati mzuri wa kusema. Ulikuwa umekaa barazani unachambua maharage.

"Wamelipokea, Baba?"

"Singano hana nafasi mbele ya usukani."

Ukanitazama. Ukalitazama basi mikononi mwangu. Kisha ukasema, "Haya, Baba. Ni zuri."

Mama yangu wewe! Ilikuwa sauti ya Zakaria, imetoka kwenye kinywa cha mtoto wa miaka kumi na mitatu. Ulikosa mkono kifuani tu. Na tangu siku ile hujapata kuniambia kitu kingine. Nikikushonea begi ni zuri. Nikikupikia ugali ukawa kama saruji ni mzuri. Nilikufundisha somo moja tu maishani likakuingia sawasawa, nalo ni hilo.

Unaweza kudhani baada ya stendi nilitengenea. La, nilizidi kuharibika, ila kwa upande mwingine. Nikawa mkweli. Mwanangu, hakuna mtu wa kuchosha kama mwongo aliyegeuka mkweli wiki iliyopita. Nilikuwa nakwenda Kamati na rula. Nilimwambia mmoja lori lake ni kabati lenye magurudumu. Nilimpimia Zakaria mnara wa kanisa mbele ya watu wote, nikataja digrii za kuinama, nikasema hata mlevi akirudi nyumbani husimama wima kuliko hivyo. Kila neno lilikuwa kweli. Na kila neno lilikuwa ni kisasi cha stendi, nimekivisha kanzu safi. Zakaria alikunja kitambaa chake akabeba kanisa lake akaondoka, na Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata.

Yeye ndiye aliyenifundisha, si mimi. Alikuja nyumbani baada ya miezi, kanisa kwapani limefungwa gazeti. Akakaa. Akakataa chai, kisha akainywa.

"Nipimie tena," akasema.

"Zakaria, nilikuwa mpumbavu."

"Najua. Lakini mnara umeinama kweli, na mke wangu naye amesema. Nipimie tena, ila safari hii shika na upande wa pili."

Nikashika. Kwa mara ya kwanza niliigusa kazi ya mtu mwingine. Yeye akabana chini, mimi nikashika juu, tukauzungusha taratibu mpaka tukaona: mnara haukuwa na kosa lolote. Ubao wa chini ndio uliokuwa umejikunja kwa unyevu, kona moja imenyanyuka. Pamoja na rula yangu ile, na digrii zangu, na mlevi wangu, sikuwa nimeona hilo, kwa sababu nilikuwa napima ili nishinde. Tuliungua vidole kwa gundi ya moto tukicheka kama wajinga wawili. Huyo mnafiki wangu ana mikono mizuri kuliko yangu, na sasa akisema kitu kinapumua namuuliza kinapumulia wapi, anionyeshe kwa kidole.

Utaniuliza, kama uliweza kumwomba Zakaria radhi, kwa nini si mimi? Ulikuwa nami meza moja miaka sita. Nimejiuliza. Jibu si zuri: Zakaria sikumzaa. Kwake nilipoteza urafiki, nikauona umepotea, nikautamani. Wewe uliendelea kunipigia shikamoo kila asubuhi na kuniletea maji ya kunawa, nami nikajidanganya kwamba hakuna kilichopungua. Baba mwenye heshima zote hana dalili yoyote ya ugonjwa.

Mpaka wiki iliyopita. Uliniletea ile nyumba ya bibi yako uliyoichonga kwa vipande vya mbao za saiprasi, ukaiweka mezani bila kitambaa. "Vipi, Baba?" Ulisimama ukasubiri. Nilikuwa nasoma gazeti, au nilijifanya nasoma, na nikasema, "Nzuri sana, mwanangu." Sikuinua hata kichwa. Ukasema ahsante, ukaibeba ukaenda nayo chumbani. Mama yako aliniuliza ulichokuwa ukililia. Nikamwambia ni hofu ya safari.

Leo mmeondoka wote, nimeingia chumbani mwako kama mwizi. Nimeichukua nyumba ile nikaileta hapa barazani kwenye mwanga. Kwenye kopo lako la misumari nimekuta kile kiberiti cha zamani, umekitunza, kimebaki na njiti sita. Nimeazima moja. Nimekaa na kazi yako kutoka adhuhuri mpaka kuku wakadai chakula. Basi, haya ndiyo maoni ya baba yako, yamechelewa wiki moja, na kwa hesabu nyingine yamechelewa miaka sita.

Lile dirisha la jikoni linaloning'inia kwa bawaba moja, sijui umelifanyaje. Nimelisukuma kwa kidole likalia. Mahali moshi unapotokea chini ya bati umepachoma kidogo kwa moto badala ya kupaka rangi, na nimesikia harufu ya nyumba ya mama yangu. Hilo nisingeliweza. Kamati nzima isingeliweza.

Ngazi za mbele umeweka mbili. Ziko tatu, na hiyo ya tatu ndiyo inayomtesa bibi yako magoti. Leo umezipanda, zihesabu kichwani. Na nyumba yote umeiweka juu ya ubao bapa. Zaina, nyumba hiyo iko kwetu milimani. Nyuma imeegemea udongo, mbele imeinuliwa kwa mawe, na mvua ikinyesha maji yanapita pembeni kwenye ule mfereji ambao mimi na babu yako tulichimba. Umechonga nyumba ya watu wa tambarare. Ukifika huko uendako watakupa karatasi bapa uchoree nyumba za kila mahali, na wengi huko hawajawahi kuona mtu anayelima amesimama kama amepanda ngazi. Wewe umekulia mteremkoni. Ukiusahau wewe, nani ataukumbuka?

Kisha nikaigeuza. Ukuta wa nyuma hukuupiga hata msasa. Alama za msumeno zipo, gundi imechuruzika. Nimelifikiria sana hili, maana wewe si mvivu. Uliuacha hivyo kwa sababu ulijua baba yako hataigeuza. Na ulikuwa sahihi, wiki iliyopita nisingeigeuza. Kosa hilo ni letu wote wawili. La kwako ni dogo, na msasa uko kwenye droo ya kushoto.

Vipimo vyote nimevipima kwa njiti ya zamani. Viko sawa, kila kimoja. Mlango wa bibi yako mtu anaingia wima.

Sikuandikii ili unisamehe upesi upesi kabla ya safari. Utafanya hivyo kwa adabu, na adabu yako ndiyo ninayoiogopa. Ninachotaka ni kigumu zaidi. Nimelishusha lile basi kutoka juu ya kabati. Utalikuta mezani ukirudi, na pembeni yake nimeweka kalamu yangu nyekundu, ile niliyowatobolea watoto wa watu madaftari. Nitakuwa nje nashughulika na kuku, nao hawana haraka. Lisahihishe. Andika juu ya paa, juu ya kuta, popote. Unajua makosa yake kuliko mimi, umeyafuta vumbi miaka sita. Madirisha tu usiyaguse, hayo hayana kosa. Na usiniandikie zuri. Nikikuta neno hilo nitakuita urudi ufanye tena, kama mtoto wa darasa la tano.

Mzee Hoza ataletwa kesho alfajiri kukuaga, macho yake yamepungua lakini atakwambia umemaliza. Mpe shikamoo yake vizuri, ni mzee. Zakaria naye atakuwepo. Nimemwomba asiseme chochote juu ya kupumua.

Utasafiri na Subira mpaka Mombo, Singano amekuwekea kiti nyuma yake. Mimi nitasimama pale chini karibu na mlango, na usinione vibaya nikikukodolea macho kama mpima ardhi. Nataka tu kukuona ukiingia bila kuinama.

Baba yako,
mwalimu wa hesabu